Mama Pasi Atafuta pa Kukanyaga

Mtaani walimwita Mama Pasi. Jina lake la kuzaliwa lilikuwapo, limeandikwa kwenye kitambulisho, ila miaka ishirini na sita ya kunyoosha nguo za watu ilikuwa imelifunika, hata akiitwa kwa jina hilo hospitalini alichelewa kuitika. Alifanya kazi barazani kwake, kwenye meza ndefu iliyotandikwa blanketi kuukuu na shuka juu yake, pasi ya mkaa mkono wa kulia, kikombe cha maji ya kunyunyizia mkono wa kushoto. Ulimi wake haukuwa na likizo. Ukipita mbele yake na shati lenye mikunjo utaulizwa kama ulilala nalo au lenyewe ndilo lililolala na wewe. Watu walipenda kumpelekea nguo kwa sababu zilirudi zimenyooka, na habari zote za mtaa zimekunjwa ndani yake.

Ungemwona hapo barazani ungesema huyu mama hana hili wala lile. Ungekosea sana. Nyuma ya baraza kulikuwa na sebule, nyuma ya sebule kulikuwa na vyumba viwili, na katika chumba cha pili kulikuwa na ukuta uliomnyima raha kwa miaka tisa.

Kuta tatu za chumba kile zilikuwa za buluu. Wa nne, ule wenye dirisha, ulikuwa wa buluu kutoka pembeni hadi katikati, kisha buluu ikakoma, na kutoka hapo hadi pembe ya pili ilibaki chokaa ya zamani iliyogeuka rangi ya chai. Pale buluu ilipokomea palikuwa na mpako mmoja wa brashi, mpana wa kiganja. Ulianza vizuri kwa kulala, ukapinda ghafla, ukateremka mpaka karibu na sakafu. Aliyeupiga alikuwa mumewe, fundi rangi ambaye mtaa mzima ulimjua kwa jina la Brashi, na baada ya huo hakupiga mwingine.

Mama Pasi alikifunga chumba. Akarundika humo magunia ya mkaa na nguo ambazo wenyewe hawakuzifuata. Lakini chumba hakikukubali kufungwa. Saa tisa alasiri, jua likiwa limehamia upande wa dirisha lile, alisikia brashi ikipita ukutani, kwaru, kisha kimya cha mtu anayechovya rangi, kisha kwaru tena. Alimwambia jirani mmoja tu, naye akasema ni panya, akamletea paka. Paka alikaa miaka sita, akala, akanenepa, akawa bwana mkubwa wa nyumba, lakini hata siku moja hakuvuka kizingiti cha chumba kile. Mama Pasi aliliona hilo, akaacha kuwasimulia watu habari za sauti.

Kisha Jumatatu moja bintiye alipiga simu. Alikuwa mtoto wake wa pekee, ana miaka ishirini na mitatu, anafanya kazi kwenye kiwanda cha mikate katika mji mwingine. Tangu aondoke nyumbani alikuwa amerudi mara mbili tu, na mara zote mbili alilala kwenye kochi la sebuleni, asubuhi akaaga. Sasa alikuwa na mimba ya miezi minane, mumewe yuko mbali kikazi, na alitaka kuja kujifungulia kwa mama yake.

"Lakini mama, ule ukuta," alisema. "Ukiwa bado vile ulivyo, siji. Nitabaki huku kwa rafiki yangu."

Mama Pasi alimwambia ukuta utaisha. Binti akasema basi atafika Jumamosi ya wiki ya tatu, akaaga. Mama Pasi alibaki na simu sikioni huku pasi ikiunguza kola ya shati la mwalimu mkuu, jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu aijue pasi.

Mtu atauliza kwa nini asiite fundi. Aliwahi kumwita, miaka minne nyuma. Fundi wa watu alipopandisha mguu mmoja tu kwenye kiti, Mama Pasi alimshika suruali kwa nyuma, akamwambia ashuke, shuka sasa hivi, akamlipa kwa usumbufu na kumsindikiza hadi barabarani. Fundi aliondoka akijishika kiuno cha suruali na kusimulia kila alikopita. Kwa hiyo safari hii alikata shauri ataupaka ukuta mwenyewe. Rangi aliijua, miaka mingapi alimkorogea mumewe. Jambo lililomshinda lilikuwa moja tu, kumtazama mtu mwingine akipanda mahali pale.

Sasa akapande juu ya nini? Ngazi ya kuegemeza ilikuwapo kwa jirani, lakini ngazi inataka mkono mmoja uishike, na rola inataka yote miwili. Alihitaji ubao, na chini ya ubao vitu viwili vilivyo imara vya kuubeba. Basi. Hakuwa anatafuta ndege. Lakini alipoanza kuulizia ndipo alipojua kwamba kitu cha kukanyaga nacho kina bei yake.

Alianzia kwenye jengo lililokuwa likiinuliwa mtaa wa pili, akamwomba msimamizi amkodishie vyuma vya kupandia kwa siku chache. Msimamizi alikuwa mtu wa adabu, hakumcheka, alimtajia bei. Kwa bei ile Mama Pasi angenyoosha mashati hadi mjukuu aingie shule. Akamshukuru, akamwambia vyuma vyake avifunike vizuri visije vikashika mafua.

Kesho yake akaenda gereji, kulikokuwa na mapipa mawili matupu ya mafuta ambayo mwenyewe alitaka tu yamwondokee machoni. Hayo yalikuwa ya bure, na kitu cha bure hakikaguliwi meno. Aliyabingirisha mwenyewe hadi uani, akayasimamisha, akapanda juu ya moja kulijaribu. Pipa likatoa mlio, bati likabonyea kidogo chini ya kisigino na kurudi. Kubonyea kule kulimpanda hadi kwenye meno. Alishuka akiwa ameshika kamba ya nguo, akakaa chini pale pale uani, na ilimchukua muda kusimama. Mapipa akawapa majirani wachomee taka.

Siku ya nne alikwenda dukani kununua sabuni. Mwenye duka alikuwa rafiki wa marehemu wa kufa na kuzikana, na habari za mapipa alikuwa ameshazipata.

"Shemeji, mbona unahangaika hivyo?" alimuuliza. "Makreti ya soda hayo hapo, chukua manne ukafanyie kazi. Marehemu alikuwa akitumia haya haya."

Akayaburuta mwenyewe kutoka chini ya rafu, akayapanga mawili mawili ili shemeji yake aone. Mama Pasi aliyatazama yakipangwa. Alishika rafu asianguke, ikabidi mwenye duka amkalishe kwenye gunia la mchele na kumpa maji. Alimwambia ni jua. Mwenye duka akalilaumu jua kwa moyo mkunjufu, kwa kuwa hakujua lolote, na hakuna mtu mwingine aliyejua pia.

Ukweli ni huu. Siku ile, miaka tisa nyuma, Brashi aliazima makreti manne katika duka hilo hilo, akapanga mawili huku na mawili kule, akalaza ubao juu yake. Ubao ulikuwa juu kidogo ya magoti. Saa nane na nusu alishuka kwenda kunywa chai uani. Wakati huo huo gari la soda likafika, na dereva wa gari lile hakuwa mtu wa mzaha: huna makreti matupu ya kutosha, hupati soda. Mwenye duka alipungukiwa moja. Akaja mbio barazani, shemeji, nipe japo moja, gari linaondoka. Mama Pasi akaingia chumbani, akauinua ubao, akachomoa kreti la juu upande wa dirisha, na mahali pake akaweka ndoo ya rangi ya plastiki, kaifudikiza. Ilikuwa na kimo cha kreti, au karibu yake. Akilini alisema atamwambia. Akatoka na kreti, akalikabidhi, kisha akabaki kwenye gari akitaniana na dereva kuhusu suruali yake iliyokaa kama imetafunwa na mbuzi. Alikuwa bado anacheka aliposikia kishindo.

Kisogo kiligonga ubavu wa kitanda cha chuma. Brashi alilala hospitalini siku tatu bila kufumbua macho, ya nne wakamzika. Waliokuja msibani waliutazama ule ubao, wakajipima magoti, wakatikisa vichwa. Mtu haanguki hapa akafa, walisema, siku zake tu zilikuwa zimefika. Ndoo hakuna aliyeiulizia. Wa kwanza kuingia chumbani aliinyakua, akakimbilia maji ya kummwagia, na baada ya hapo palibaki ubao sakafuni na makreti matatu, na wakati kama ule nani anahesabu makreti?

Mama Pasi aliitupa ndoo ile mara tatu. Lakini Brashi alikuwa na tabia ya kuzipiga ndoo zake zote mstari mwekundu shingoni zisije zikaibwa, na mtaa wote uliujua mstari ule. Mara tatu ndoo ilirudishwa na watu wema, imeoshwa, mmoja hata aliijaza mihogo. Mama Pasi akaipokea, akashukuru, akaila ile mihogo bila kujua ladha yake.

Siku ya sita ndipo alipofika kwa seremala. Huyu alikuwa mtu mfupi mwenye penseli sikioni na maneno machache, na nyuma ya karakana yake, kwenye vumbi la mbao, kulikuwa na stendi mbili za miguu minne zilizotengenezwa kwa mbao za mapaleti ya kubebea mizigo. Zilikuwa zimeachwa hapo na mchoraji wa mabango aliyehama mji. Moja ilivunjika mguu, nyingine haikuwa na mbao za kukatisha katikati, na zote mbili zilikuwa na madoa ya rangi za kila namna. Seremala alisema azichukue kwa bei ya kuni, na kwa sharti la kumnyooshea suruali zake mwezi mzima. Suruali zenyewe zilikuwa mbili. Kwa jumla, stendi zote mbili hazikufika bei ya kukodi vyuma vya yule msimamizi kwa siku moja, na mtu mwingine angezipakia kwenye mkokoteni na kwenda zake akiimba.

Mama Pasi hakwenda. Alikaa karakana siku mbili. Alimtaka seremala abadilishe miguu minne, si mmoja. Alitaka skrubu, si misumari. Alitaka mbao za kukatisha pande zote, na chini kwenye nyayo za stendi alitaka vipande vya tairi ili zisiteleze. Kila kitu kilipokuwa tayari akaleta magunia mawili ya mkaa, akayalaza juu ya ubao, akauacha hadi kesho yake, akarudi kuangalia kama kuna kilichosogea. Kisha akapanda mwenyewe akaruka. Mafundi wa karakana waliacha kazi kumtazama.

"Mama Pasi," seremala alimuuliza, "unapaka rangi au unapitisha treni?"

Watu wakavunjika mbavu, naye akacheka pamoja nao, kisha akainama kukagua mguu ule ule kwa mara ya tano. Seremala akaona kwamba hafanyi mzaha. Akasogea, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba zitambeba, yeye ndiye aliyezifunga na yeye ndiye anayesema. Mama Pasi akamjibu kuwa hata mumewe alimwamini mtu. Seremala akafikiri anamsema muuza mbao, akamlaani muuza mbao huyo papo hapo, na Mama Pasi akamwacha amlaani.

Kazi ilianza wiki ya pili. Alitoa magunia, akasugua ukuta kwa msasa, akaufuta kwa kitambaa kibichi. Buluu ile haikupatikana tena. Ya ukutani ilikuwa imepauka, na muuza rangi alichanganya mara tatu ndipo wakapata inayofanana nayo kiasi cha kuridhisha. Alianzia pembe ya mbali na kuja taratibu kuelekea katikati. Kabla ya kupanda alishika kila mguu wa stendi, minane yote, akautikisa. Akishuka kunywa maji, kabla ya kurudi juu aliishika yote tena. Hakumruhusu mtu yeyote kuingia chumbani humo, na mlango wa mbele aliufunga kwa ufunguo. Wateja walikuta barazani kibao kisemacho amesafiri, na sauti ya rola inasikika ndani.

Siku ya tatu, saa tisa alasiri, alikuwa juu ya ubao akipiga brashi kwenye pembe ya dirisha, aliposikia brashi ya pili. Ilikuwa ikipita sambamba na ya kwake, upande wa kushoto, kwa mwendo wa mtu mwenye kuijua kazi. Mama Pasi alisimamisha mkono. Ile nyingine ilichelewa kuacha.

Hakushuka. Alishika ukingo wa dirisha akiwa ameukazia ukuta macho, na maneno yakamtoka yenyewe.

"Ndoo niliweka mimi, mume wangu," alisema. "Nilitaka kukuambia. Nilisahau kwa kucheka."

Paka aliyekuwa kizingitini alisimama, akajinyoosha, akaenda zake. Mama Pasi alilia kwa muda mrefu akiwa pale juu, na aliposhuka alijisikia mwepesi, akapika, akala, akaona huenda jambo limekwisha. Msimsifu bado. Kumwambia marehemu ni rahisi. Marehemu hakuulizi swali la pili. Tena kesho yake saa tisa brashi ilisikika kama kawaida.

Kufikia Alhamisi ya wiki ya tatu ukuta wote ulikuwa umekwisha isipokuwa kipande kimoja, kikubwa cha kutosha kupitisha mtu, ambacho katikati yake kulikuwa na ule mpako wa mwisho. Mara nne alikuwa amechovya brashi na kuisogeza, na mara nne mkono ulirudi na rangi ikamdondokea kwenye kanga. Alikuwa juu ya ubao hivyo, brashi hewani, alipohisi kwamba chumbani hayuko peke yake. Hakukuwa na sauti yoyote. Aligeuza shingo polepole.

Bintiye alikuwa mlangoni. Tumbo lilikuwa limemtangulia, begi liko miguuni pake, ufunguo wake wa zamani mkononi. Alipata lifti ya gari la mikate, akafika siku mbili kabla ya miadi. Alikuwa amesimama wima, amejiziba mdomo kwa kiganja.

"Umefika saa ngapi, mwanangu?"

"Kitambo."

"Mbona hukuniita?"

Binti aliondoa kiganja mdomoni. "Ningekuita ungegeuka," alisema.

Mama Pasi alishuka akishikilia ukuta. Binti hakusogea kumsalimu. Alikuwa akiitazama ile sehemu iliyobaki, na alianza kusema kwa sauti moja, bila kupanda wala kushuka, kama mtu anayesoma kitu alichokisoma mara nyingi.

"Baba nilimwita mimi. Nilikuwa nimesimama hapa. Siku ile nilijisuka nywele mwenyewe kwa mara ya kwanza, nikataka azione. Nikasema, baba, tazama. Akageuka, na alipogeuka ubao ukamtoka miguuni. Ningenyamaza angemaliza kazi yake akashuka."

Ndipo Mama Pasi alipokumbuka, na kukumbuka kwenyewe kulimchoma. Tangu msiba ule mtoto huyu hakuwahi kumwita mtu kwa mbali. Akimhitaji mtu alitembea hadi alipo, akamgusa mkono wa nguo. Walimu walimsifu kwa adabu. Majirani walimsifu. Yeye mwenyewe Mama Pasi aliwaambia wateja barazani, kwa maringo, kwamba binti yake hana makelele kama watoto wa siku hizi. Miaka mitano waliishi nyumba moja na kula sahani moja, na hakujiuliza hata mara moja kwa nini.

Aseme sasa? Yaliyomtoka yalikuwa mengine.

"Ilikuwa ajali tu, mama," alisema. "Siku zake zilikuwa zimefika."

Binti aliitikia kwa kichwa. Aliitikia kwa heshima, kama unavyomwitikia mtu aliyekuja msibani usiyemjua, na akainama kuchukua begi lake kulipeleka sebuleni kwenye kochi. Mama Pasi akaona mgongo wa mwanawe ukielekea sebuleni, akajua kwamba atajifungua kwenye kochi lile, atakaa siku zake, ataondoka na mtoto, na mara ya nne haitakuwapo.

"Kulikuwa na ndoo," alisema.

Binti alisimama.

Akamwambia yote. Alimwambia juu ya gari la soda na kreti lililopungua, jinsi alivyouinua ubao, ndoo aliyoifudikiza, dereva na suruali yake. Hakujipunguzia. Alipofika kwenye kicheko, alikitaja kicheko nacho. Alimwambia kwamba hata angesimama pale juu kama mlingoti bila kugeuka, ndoo ile ingemtupa tu, kama si saa ile basi nusu saa baadaye.

"Kwa ajili ya kreti la soda," binti alisema.

"Ndiyo."

"Ulijua lini?"

"Niliposikia kishindo. Nilijua kabla sijaingia chumbani."

Binti aliliweka begi chini. Alikuwa na hasira ambayo mama yake hakuwahi kuiona usoni pake, na ilimfanya afanane na baba yake kuliko siku zote. "Miaka tisa kosa hili nimelibeba mimi," alisema. "Nimeolewa nalo. Mume wangu akipanda kiti kubadilisha taa natoka nje ya nyumba. Na wewe ulikuwa na dawa yake hapa, umekaa nayo."

"Sikujua kwamba unajilaumu, mwanangu."

"Ungeuliza."

Mama Pasi alifungua mdomo, na neno lililokuja ni lile ambalo sote hutangulia kulisema, tunalompa aliyejikwaa na aliyefiwa bila kubagua. Binti aliliona likija.

"Usiniambie pole," alisema. "Ukiniambia pole nachukua begi langu naondoka, na sitarudi."

Nje mtu alipita akiuliza kama Mama Pasi kesharudi safari, akajijibu mwenyewe, akaenda. Binti alivua viatu vyake vya safari, akavisogeza ukutani kwa mguu. Akaingia chumbani, akazizunguka zile stendi mara moja, akajishusha taratibu mpaka magoti yakagusa sakafu, akaishika ile ya upande wa dirisha kwa mikono yake miwili.

"Panda umalize," alisema. "Mimi nashika."

Mama Pasi alimwambia hali yake hairuhusu kukaa chini hivyo. Binti akazidi kuikaza mikono yake kwenye mbao. Basi Mama Pasi akachovya brashi, akapanda. Akasimama juu ya mikono ya mtoto ambaye alikuwa na kila sababu ya kuiachia, na akaanza kupaka. Alianzia juu. Alipoufikia mpako wa mumewe aliufuata kama ulivyokwenda, pale ulipolala akalaza, pale ulipopinda akapinda, mpaka ukafunikwa.

Halafu ubao ukaanza kutetemeka. Akatazama chini kwa ncha ya jicho. Stendi zilikuwa zimetulia palepale. Aliyekuwa akitetemeka ni binti, analia bila sauti, paji la uso kaliegemeza kwenye mbao, mikono haijaachia, na kilio chake kilipanda kupitia miguu ya stendi na ubao hadi kwenye nyayo za mama yake. Lile neno lilimjaa Mama Pasi mdomoni. Aliling'ata. Hakugeuka, hakusema, alichovya tena na kuendelea kupaka, na rangi ikachanganyika na machozi yake kidevuni.

Kipande kikaisha. Ukuta ukawa mmoja kutoka pembe hadi pembe. Chini yake binti bado alikuwa ameshika na bado alikuwa analia, na Mama Pasi akarudi mwanzo wa kipande kile kile akakipaka mara ya pili, kwa sababu hakujua atashuka kwa mwanawe na uso gani.